KIFUNGO CHA MAISHA: JE, MLANGO UFUNGWE KABISA?

Mada iliyotolewa kwa viongozi wa walei na wanajumuiya



Jambo tulilopewa kutafakari leo ni zito, na hatuna budi kulishika kwa mikono miwili. Swali lenyewe ni hili: mtu aliyehukumiwa kifungo cha maisha kwa kosa kubwa, je, apewe nafasi, baada ya miaka mingi, ya kuangaliwa upya na pengine kutoka kwa parole? Au neno “maisha” liwe maisha kweli, mpaka siku jeneza lake litakapotolewa nje ya lango la gereza?

Twajua kwamba miongoni mwetu wapo waliomzika ndugu yao aliyeuawa, na wapo wenye ndugu aliyeko gerezani. Pengine familia ni ile ile moja. Kwa hiyo tutasema kwa heshima ya pande zote mbili. Hatukuja kutetea uhalifu. Tumekuja kuuliza ni utaratibu upi wa adhabu unaomtendea haki aliyeumizwa, unaoilinda jamii, na usiomfuta mkosaji katika hesabu ya binadamu.

Wazo letu, kwa ufupi, ni hili. Kifungo cha maisha kibaki kwa makosa makubwa kabisa. Lakini sheria itaje siku ambayo kifungo hicho kitaangaliwa upya, mbele ya bodi inayojulikana, yenye kanuni zilizoandikwa, ambamo aliyetendewa naye ana kiti chake. Twaamini kwamba utaratibu huo ni bora kuliko huu wa sasa, hata kwa yule aliyetendewa. Naam, hasa kwa yule aliyetendewa.

1. Tuelewane maneno

Watu wengi huchanganya mambo matatu: rufani, msamaha na parole.

Rufani ni kuiomba mahakama ya juu iangalie kama mahakama ya chini ilikosea. Msamaha ni tendo la mkuu wa nchi. Nchini Tanzania madaraka hayo yametajwa katika ibara ya 45 ya Katiba. Nchini Kenya ni ibara ya 133 ya Katiba ya mwaka 2010, ambayo imeunda pia kamati ya kumshauri Rais. Anayesamehewa kabisa hutoka na kwenda zake.

Parole si rufani wala si msamaha. Mfungwa wa parole haambiwi kwamba hakukosa, wala haambiwi kwamba adhabu yake imekwisha. Anaruhusiwa kutumikia sehemu ya adhabu yake nje ya gereza, kwa masharti: akae mahali palipotajwa, aripoti kwa ofisa aliyepewa kazi ya kumwangalia, asiwasogelee watu fulani, asifanye kosa jingine. Akivunja sharti, anarudishwa ndani. Kwa aliyehukumiwa maisha, maana yake ni kwamba adhabu itamfuata mpaka kaburini. Kinachobadilika ni mahali anapoitumikia. Anayesema kwamba parole ni kufuta kosa hajaielewa.

2. Sheria yetu ilivyo

Nchini Tanzania Bunge lilitunga Sheria ya Bodi za Parole, Namba 25, mwaka 1994, na utekelezaji wake ulianza mwaka 1999. Sheria hiyo iliunda Bodi ya Taifa na bodi za mikoa. Ilikuwa hatua njema: kwa mara ya kwanza mfungwa wa muda mrefu aliyeonyesha mwenendo mwema aliweza kuangaliwa kwa utaratibu badala ya kusubiri bahati. Lakini tangu ilipotungwa, sheria hiyo ilimweka kando mfungwa wa maisha. Aliyefungwa kwa miaka mingi kwa kosa linalokubalika aweza kufikiriwa akishatumikia theluthi moja. Aliyehukumiwa maisha hana siku yoyote kwenye kalenda.

Ni nani hao waliohukumiwa maisha? Wapo waliombaka mtoto wa chini ya miaka 10, ambao tangu sheria ya makosa ya kujamiiana ya mwaka 1998 wamewekewa adhabu hiyo na si nyingine. Wapo walioua bila kukusudia katika mazingira ya kutisha. Wapo waliopatikana na hatia ya biashara kubwa ya dawa za kulevya. Wapo pia waliokuwa wamehukumiwa kunyongwa, na adhabu yao ikageuzwa na Rais.

Kundi hili la mwisho ni kubwa katika nchi zetu, kwa sababu hukumu za kifo zimeendelea kutolewa ilhali kamba imekaa muda mrefu bila kutumika. Kenya haijamnyonga mtu tangu mwaka 1987, wala Tanzania tangu katikati ya miaka ya 1990. Mwaka 2009 Rais Mwai Kibaki wa Kenya aligeuza hukumu za kifo za watu zaidi ya 4,000 kuwa vifungo vya maisha. Mwaka 2016 Rais Uhuru Kenyatta alifanya vivyo hivyo kwa wafungwa 2,747. Tulimshukuru Mungu kwa uhai huo uliookolewa. Hata hivyo, baada ya furaha lilibaki swali: tumewatoa watu hao kwenye foleni ya kitanzi na kuwaweka kwenye foleni gani?

3. Mlango uliopo sasa

Wengine husema, “Sheria imefunga mlango, na iwe hivyo.” Lakini, ndugu zangu, mlango haujafungwa. Umebaki mmoja, nao hauna kanuni ambazo mwananchi wa kawaida aweza kuzifuata. Mlango huo ni msamaha wa Rais.

Tukumbuke jambo lililogusa nchi nzima. Mwaka 2004 mahakama ya Dar es Salaam ilimhukumu mwanamuziki Nguza Viking, aliyejulikana kama Babu Seya, pamoja na wanawe watatu, kifungo cha maisha kwa kuwabaka wasichana wadogo wa shule ya msingi. Mwaka 2010 Mahakama ya Rufani iliwaachia huru wana wawili, ikathibitisha adhabu ya baba na ya mwanawe Johnson, yaani Papii Kocha. Tarehe 9 Desemba 2017, katika sherehe za Uhuru, Rais John Magufuli alitangaza kuwasamehe, nao wakatoka gerezani siku ile ile. Wapo walioimba na kucheza barabarani. Wapo watetezi wa watoto waliosikitika na kulalamika. Miezi mitatu baadaye, Machi 2018, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao yake Arusha, ilitoa uamuzi kwamba katika baadhi ya mambo haki ya baba na mwana huyo ya kusikilizwa ipasavyo ilikuwa imevunjwa.

Hatukukutana hapa kuwahukumu upya watu hao, wala kupinga madaraka ambayo Katiba imempa Rais. Tunachotaka mkione ni hiki. Kifungo kilichoitwa cha maisha kilikwisha baada ya miaka 13 na miezi michache. Msamaha haukutanguliwa na kikao cha wazi ambacho wazazi wa wasichana wale wangeweza kusema neno. Hapakuwa na masharti yaliyotangazwa kwa walioogopa. Kwa upande mwingine, walioamini kwamba watu hao walionewa nao hawakupata maelezo ya kuwaridhisha. Kila upande uliachwa na dhana zake.

Sasa fikirini kama sheria ingesema kwamba mfungwa wa maisha huangaliwa upya baada ya miaka 25. Waliohukumiwa mwaka 2004 wangefika mbele ya bodi mwaka 2029. Parole, ambayo watu huiogopa kama ulegevu, ingekuwa kali kuliko msamaha uliotolewa. Na lau kama palikuwa na kosa katika kesi, dawa yake ilikuwa mahakamani na mapema, si kusubiri sikukuu.

Tena kuna wale ambao hakuna mwimbo unaowakumbusha kwa watu. Mkulima aliyehukumiwa akiwa na miaka 22, ambaye kesi yake haikuandikwa gazetini, msamaha utampata kwa njia gani? Anayejulikana hukumbukwa, asiyejulikana huzeeka. Haki inayotegemea kujulikana ina kasoro, hata pale inapotoa matokeo mema.

4. Tuwatazame jirani na wa mbali

Swali hili halikuanza kwetu peke yetu.

Nchini Uganda, Mahakama ya Juu iliamua mwaka 2009 kwamba mtu akikaa miaka mitatu tangu hukumu yake ya kifo ithibitishwe bila kunyongwa, adhabu hiyo hugeuka kifungo cha maisha bila punguzo. Mwaka 2011 mahakama hiyo ikaongeza kusema kwamba “maisha” ni uhai wote wa mtu, si miaka 20 kama ilivyokuwa ikihesabiwa.

Nchini Kenya, mwezi Desemba 2017, Mahakama ya Juu ilisema kwamba hukumu ya kifo isiyompa hakimu nafasi ya kupima mazingira ya kila kesi ya mauaji ni kinyume cha Katiba. Mwezi Julai 2023 Mahakama ya Rufaa iliyoketi Malindi ikaenda mbele: katika kesi ya mtu aliyemnajisi mtoto mdogo, ilisema kwamba kifungo cha maisha cha lazima, kisicho na tumaini la kuangaliwa, hakipatani na utu wa mtu, ikaweka miaka 40 badala yake. Lakini mwezi Aprili 2025 Mahakama ya Juu ilitengua uamuzi huo na kurudisha kifungo cha maisha, kwa sababu suala la ukatiba halikuwa limepitia ngazi za mahakama kama inavyotakiwa. Maana yake ni kwamba swali limerudi kwa watunga sheria, na watunga sheria ni watu tunaowachagua sisi.

Kusini mwa Afrika wamekwisha kuamua. Mahakama ya Juu ya Namibia ilisema mwaka 1996 kwamba kifungo cha maisha kinaweza kukubalika kwa sababu sheria ya nchi hiyo inaacha nafasi ya parole. Bila nafasi hiyo, mtu angekuwa ametupwa kama kitu. Mwaka 2016 Mahakama ya Katiba ya Zimbabwe ilikataa kifungo cha maisha kisicho na parole. Afrika Kusini inamfikiria mfungwa wa maisha akishatumikia miaka 25. Huko Ulaya, katika kesi iliyohusu Uingereza, Mahakama ya Haki za Binadamu ya Strasbourg ilisema tarehe 9 Julai 2013 kwamba hata muuaji ana haki ya kuwa na tumaini, yaani kujua tangu siku ya kwanza ni lini na kwa vipimo vipi ataangaliwa tena. Mahakama haikusema atolewe. Ilisema aangaliwe.

Jambo moja litufikirishe sana. Mkataba wa Roma ulioanzisha Mahakama ya Kimataifa ya Jinai unaagiza, katika kifungu cha 110, kwamba mfungwa wa maisha aangaliwe upya akishatumikia miaka 25. Hiyo ndiyo mahakama ya mauaji ya kimbari na ya uhalifu dhidi ya ubinadamu. Tanzania na Uganda ziliuridhia mkataba huo mwaka 2002, na Kenya mwaka 2005. Basi mtu aliyeamuru vijiji vizima vichinjwe ana siku yake ya kuangaliwa, lakini kijana wa kijijini kwetu aliyeua mtu mmoja katika ugomvi wa pombe au wa mpaka wa shamba hana. Mizani hiyo haijakaa sawa.

5. Kanisa lafundisha nini

Maandiko Matakatifu hayafichi kosa kubwa. Kaini aliua, na Mungu akamwadhibu kwa kumtoa katika ardhi iliyokunywa damu ya nduguye. Lakini Mungu huyo huyo akamtia alama ili mtu yeyote asimwue. Adhabu na ulinzi wa uhai vilitoka katika mkono mmoja. Mfalme Daudi alipanga kifo cha Uria; naye Saulo alikubaliana na kuuawa kwa Stefano. Kama hesabu ya watu hao ingefungwa siku ya kosa lao, tusingekuwa na Daudi tunayemjua wala Mtume Paulo.

Katekisimu ya Kanisa Katoliki, katika namba 2266, yaeleza kazi ya adhabu. Kwanza, hurekebisha vurugu iliyoletwa na kosa. Pili, hulinda usalama wa watu. Tatu, kadiri inavyowezekana, humsaidia mkosaji kujirekebisha. Kifungo cha maisha kisicho na siku ya kuangaliwa hutimiza mbili za kwanza, lakini ile ya tatu hukiondoka kabisa. Kwa nini mtu ajifunze useremala, asome, atubu na kuishi kwa amani na wenzake, ikiwa vyote havitahesabiwa popote? Wapo wanaofanya hivyo hata bila tumaini, na hao ni mashahidi wakubwa. Katika magereza ya Luzira na Kamiti wamepatikana wafungwa wa hukumu nzito waliosoma sheria kwa njia ya posta na Chuo Kikuu cha London, wakawasaidia wenzao kuandika rufani. Binadamu hubadilika. Si wote, wala si kwa kasi moja. Ndiyo maana panahitajika bodi ya kupima, si kanuni moja ya kuwafungia wote.

Baba Mtakatifu Fransisko, akizungumza na wanasheria mwezi Oktoba 2014, alikiita kifungo cha maisha adhabu ya kifo iliyofichwa, akakumbusha kwamba sheria za Vatikani zilikuwa zimeiondoa adhabu hiyo muda mfupi kabla. Hilo ni neno zito kwetu tunaopinga hukumu ya kifo. Tusije tukaondoa kitanzi shingoni na kukiweka rohoni.

Lakini msamaha wa Kikristo usieleweke vibaya. Tarehe 13 Mei 1981 Mehmet Ali Ağca alimpiga risasi Baba Mtakatifu Yohane Paulo wa Pili. Siku chache tu baadaye Papa alitangaza kwamba amemsamehe, na mwezi Desemba 1983 alimfuata gerezani huko Roma, wakakaa na kuzungumza. Hata hivyo, Ağca, aliyehukumiwa kifungo cha maisha, hakutoka siku ile. Alikaa katika magereza ya Italia hadi mwaka 2000, Rais wa nchi hiyo alipomsamehe kwa ridhaa ya Papa. Kisha akarudishwa Uturuki kutumikia adhabu nyingine, hata mwaka 2010. Papa alisamehe ndani ya siku chache. Sheria ilichukua miaka 19. Hakuna kinachopingana hapo. Kusamehe ni kazi ya moyo wa aliyeumizwa, wala hakuna anayeweza kumlazimisha. Kuamua nani atoke gerezani ni kazi ya haki. Anayemwambia mama wa marehemu, “Samehe, basi aachiwe,” amevichanganya vitu viwili na kumwongezea mama yule mzigo.

6. Hofu zenye uzito

Zipo hofu tatu zinazotajwa mara nyingi, na hakuna hata moja ya kubezwa.

Ya kwanza ni hofu ya aliyetendewa. Tumfikirie mtoto aliyebakwa akiwa na miaka minane. Kifungo kikiangaliwa baada ya miaka 25, atakuwa na miaka 33. Pengine ni mama mwenye watoto wake. Je, ni haki kumpelekea barua kwamba yule mtu anaangaliwa? Barua hiyo itauma. Lakini leo haandikiwi barua yoyote, na aweza kusikia redioni kwamba aliyemtendea yuko nje. Kati ya uchungu wa kuulizwa na uchungu wa kutoulizwa, twaona wa pili ni mkubwa zaidi. Hata hivyo awe huru kutofika. Aweze kusema kwa maandishi au kwa mdomo wa mtu anayemwamini. Tena mfungwa akikataliwa, asirudi mbele ya bodi kila mwaka na kukitonesha kidonda. Ipite miaka kadhaa.

Ya pili ni hofu ya rushwa. Watu husema, “Mkiweka mlango, wenye fedha ndio watakaopita.” Tunaijua nchi yetu, wala hatuwezi kuwaambia kwamba hofu hiyo ni ndoto. Lakini rushwa hupenda chumba chenye giza. Bodi yenye jaji, daktari, ofisa wa ustawi wa jamii na wawakilishi wa wananchi, inayotangaza majina mapema na kuandika sababu za kila uamuzi, ni ngumu kununua kuliko orodha inayoandaliwa faraghani. Anayeogopa rushwa na adai mwanga, asiridhike na ukuta.

Ya tatu ni hofu ya usalama. Je, akirudia? Hofu hii ndiyo inayotufanya tusiseme kwamba kila mtu atoke. Wapo ambao bodi itawatazama mara ya kwanza, ya pili na ya tatu, na kila mara itasema hapana. Watafia gerezani, na itakuwa ni haki. Tofauti ni kwamba watakuwa wamezuiliwa kwa sababu ya hali yao ya leo, si kwa sababu ya siku moja ya robo karne iliyopita. Na anayetoka kwa parole hutoka na jicho linalomwangalia, jambo ambalo anayetoka kwa msamaha halimkuti.

Kuna pia hoja ya wanaosema kwamba ukali wa adhabu huwaogopesha wengine. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu uchungu: ni rahisi kuutamani ukali pale unapomwangukia mtoto wa mwenzako. Anayechomoa kisu kilabuni hapigi hesabu ya miaka 25 dhidi ya maisha. Kinachomzuia mhalifu, kama kipo, ni kujua kwamba atakamatwa na kesi yake itasikilizwa bila kuhongwa. Tungetumia nguvu zetu huko, tungewaokoa wengi zaidi.

7. Tunapendekeza nini

Kwanza, sheria ya parole irekebishwe ili mfungwa wa maisha naye awe na siku ya kuangaliwa, isiyopungua miaka 25 tangu ahukumiwe. Si muda mfupi. Ni umri wa mtu mzima.

Pili, aliyetendewa au familia ya marehemu wapewe taarifa mapema, wasikilizwe wakitaka, na waambiwe uamuzi kabla mfungwa hajatoka.

Tatu, masharti ya parole yawe ya kweli. Aliyemdhuru mtoto asirudi mtaa anaokaa mtoto yule, hata kama mtoto amekwisha kuwa mtu mzima.

Nne, kila uamuzi uandikwe na sababu zake, uwe ni wa kukubali au wa kukataa.

Tano, msamaha wa Rais ubaki kama Katiba inavyosema, lakini pale unapomhusu mfungwa wa maisha utanguliwe na taarifa ya bodi.

8. Wajibu wetu

Sheria hutungwa Bungeni, lakini parole hufaulu au hushindwa kijijini. Mtu aliyekaa ndani miaka 25 akitoka hukuta wazazi wamekufa, shamba limegawanywa, mke ameolewa, na watoto wanaona haya kutaja jina lake. Asipopokelewa hata na jirani mmoja, tutakuwa tumemtoa gereza moja na kumtia jingine. Na asipoangaliwa na mtu yeyote, tutakuwa tumeihatarisha jamii.

Kwa hiyo tuanze na familia za walioumizwa. Mara nyingi parokia zetu huunda kikundi cha kutembelea magereza, na ni vema, kwani Bwana alijihesabu miongoni mwa wafungwa. Lakini ni jumuiya ngapi zenye utaratibu wa kumtembelea mjane wa aliyeuawa mwaka wa tatu baada ya mazishi, wakati turubai limekwisha kukunjwa na michango imekwisha? Ni jumuiya ngapi zinazomlipia ada ya shule mtoto aliyebakwa, au kumpatia mshauri? Jamii iliyomtunza aliyetendewa ndiyo yenye haki na nguvu ya kuzungumza juu ya aliyetenda. Tukiruka hatua hiyo, maneno yetu juu ya huruma yatasikika kama ngoma ya jirani: kelele tu kwa asiyealikwa.

Ndugu wapendwa, hatuwaombi mrudi majumbani mkiwa mmekubaliana na kila tulilosema. Twawaomba mlijadili kwa utulivu, mkiwakumbuka wawili kwa wakati mmoja: yule msichana aliyefikisha miaka 33, na yule kijana aliyeingia gerezani na miaka 22, sasa ana 47 na mvi. Sheria njema ni ile inayoweza kuwatazama wote wawili machoni bila kuinamisha uso. Ya sasa haimwulizi msichana neno, wala haimpi mzee huyo siku. Twaweza kufanya vizuri zaidi.

Mungu wa haki na huruma atujalie hekima. Amina.

Maswali ya kujadili katika Jumuiya Ndogondogo

1. Katika jumuiya yetu, ni nani waliotendewa uhalifu mkubwa ambao tumewasahau? Tutafanya nini mwezi huu?

2. Je, miaka 25 ni mingi mno, michache mno, au yafaa? Toeni sababu.

3. Mfungwa wa parole akirudi kijijini kwetu, ni masharti gani tungetaka awekewe, na ni msaada gani tungekuwa tayari kumpa?

4. Tutafikishaje maoni yetu kwa mbunge wetu?